LibreOffice, OnlyOffice au Google Docs: ipi ya mashine yako?

Maalim alinijia barazani, hapa Chake Chake, baada ya sala ya isha, flashi mkononi na uso umemkunja. Mtihani wake ulikuwa kesho yake asubuhi. Nyumbani aliupanga kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ukakaa kurasa nne barabara. Alipoupeleka kuprinti, mashine ya stesheneri ikaufungua kwa Word: kurasa tano, na mchoro wa moyo wa binadamu umeshuka hadi chini ya suali la mzunguko wa maji. "Fundi," akanambia, "hii ya bure yako inataka kunifukuzisha kazi."

LibreOffice nilimwekea mie, kwa hiyo deni lilikuwa langu. Tukaupanga upya usiku ule ule, yeye akaenda zake kulala, mie nikabaki na suali ambalo watu huniuliza kila wiki: nikiachana na Office ya kraki, niweke nini badala yake? Mwisho wa wiki nikachukua laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na Windows 10, nikazipa programu tatu kazi tatu zile zile: mtihani wa Maalim, daftari la wachumaji wa karafuu, na muhtasari wa kikao unaoandikwa na watu watatu waliotawanyika Unguja na Pemba.

Kwa nini tatu hizi tu

Wengi mtaniuliza WPS Office iko wapi, maana kwenye simu imeenea. Hiyo ni ya Kingsoft, kampuni ya China. Hulipi, lakini unakaa na matangazo yake, na baadhi ya vitu vimefungiwa mpaka ulipie. Inafanya kazi, siikashifu. Ila kuna bure ya kutolipa na kuna bure ya kuwa huru, na LibreOffice na OnlyOffice ni za aina ya pili: msimbo wao, yaani maagizo yanayoziunda, uko wazi na leseni inakuruhusu kunakili na kugawa. Ukiipakua mara moja, ukaitia kwenye flashi, ukampa jirani, kisha ukaiweka kwenye kila mashine ya maabara ya skuli, hujaiba kitu cha mtu. Sisi kugawana programu kwa flashi tumeanza zamani sana. Tofauti ni kwamba hizi mwenyewe ametoa idhini, na hazikuji na ule mzigo wa kraki ambao leo unakufungulia Word na kesho unageuza mafolda yako yote kuwa vishale vya njia za mkato.

Google Docs si huru kwa maana hiyo. Ni huduma ya kampuni, unaitumia kwa ridhaa yake. Nimeiingiza kwa sababu kuna kazi moja ambayo nyengine haziifikii.

Na mtu akikushauri uweke OpenOffice, jua anakupa habari za jana. LibreOffice ilitoka tumboni mwa OpenOffice Septemba 2010, baada ya Oracle kuinunua Sun Microsystems, kampuni iliyokuwa ikiimiliki OpenOffice, na watengenezaji wengi kuingiwa na wasiwasi. Wakaanzisha taasisi yao, The Document Foundation, wakaondoka na msimbo. OpenOffice bado ipo chini ya taasisi ya Apache, lakini inakwenda mwendo wa kobe. Faili la docx, yaani la Word, inalifungua, kulihifadhi kwa docx haiwezi. Kwa mtu anayepelekeana mafaili na ofisi, hapo pamekwisha.

Mtihani wa Maalim

Nilidhani kosa ni la LibreOffice. Nilipolichungulia faili nikakuta kosa ni la herufi.

Kuanzia 2007, Word ilikuwa ikiandika kwa fonti ya Calibri usipochagua nyengine. Calibri inakuja na Windows yenyewe, kama Times New Roman, kwa hiyo programu yoyote iliyomo kwenye Windows inaiona. Hata wa Linux hawaangushwi: LibreOffice ina Carlito, fonti iliyochongwa ili kila herufi iwe na upana ule ule wa herufi ya Calibri, na Liberation Serif inayofanya hivyo kwa Times New Roman. Lakini mwaka 2023 Microsoft ilianza kuistaafisha Calibri na kuweka Aptos. Aptos inakuja na Office mpya, si na Windows. Kiolezo alichopewa Maalim na mwalimu mwenziwe kilikuwa cha Aptos. Nyumbani kwake LibreOffice ikaitafuta, ikaikosa, ikavaa nguo ya kuazima, naye akapanga kurasa zake kwa kipimo cha hiyo nguo. Ndani ya faili jina limebaki Aptos. Kule stesheneri Aptos yenyewe ipo, Word ikaivaa, kila mstari ukasogea kidogo, na kidogo kidogo ikazaa ukurasa wa tano.

Kwa hili OnlyOffice nayo haikuniokoa. Fonti isiyokuwemo kwenye mashine haimo, programu iwe ipi. Nikabadilisha maandishi yote kuwa Times New Roman, ndipo nikaanza kuzipima kwa haki.

Hapo OnlyOffice ikashinda, na nakiri bila ya kinyongo. Faili la docx ndiyo lugha yake ya kuzaliwa. Kurasa zilikuwa zile zile nne, majedwali yamekaa, visanduku vya "Jina" na "Namba ya mtahiniwa" juu ya ukurasa wa kwanza havikutikisika. LibreOffice yenyewe lugha yake ni odt, muundo ulioingia viwango vya kimataifa vya ISO mwaka 2006, na docx inaifasiri kila inapofungua na kila inapohifadhi. Mfasiri ni hodari. Maandishi na majedwali yalipita salama, ila kisanduku kimoja kilihama nusu sentimita kikapanda juu ya mstari. Faili likienda na kurudi mara tano baina yako na mtu wa Word, nusu sentimita hizo hukusanyika.

Jengine la OnlyOffice ni sura. Vichupo vya juu vimepangwa karibu kama vya Word, na mtu wa Word ya 2010 anakaa akaandika barua yake asijue kama amehama nyumba. LibreOffice inakuja na menyu za zamani, na wazee wetu wakiziona tu wanasema imeharibika. Dawa ipo: ingia View, kisha User Interface, chagua Tabbed. Haifanani sawasawa, lakini inatuliza nyoyo.

Na kuna PDF. Tangu toleo la 8.1 la mwaka 2024, OnlyOffice inafungua PDF ukarekebisha maandishi yake humo humo. Kwa fomu za maombi ya kazi ni faraja kubwa. LibreOffice inaifungua PDF kwa Draw, programu yake ya kuchorea, na kazi inafanyika, lakini kila mstari unaweza kuja kama kipande chake peke yake. Kurekebisha aya nzima ni kama kushona gunia kwa sindano ya cherehani.

Kumbe LibreOffice ina hila moja ambayo wengi hawaijui, na mie naipenda kuliko vyote. Unapotoa PDF, usibonyeze kile kitufe cha haraka. Pitia File, Export As, Export as PDF, kisha weka alama kwenye Hybrid PDF. Inayotoka ni PDF ya kawaida, kila mtu anaifungua kwenye simu au stesheneri kama ilivyo, lakini ndani yake imebeba waraka wako wa asili. Ukiirudisha kwenye LibreOffice unaendelea kuandika kama hujawahi kuifunga. Faili moja tu kwenye flashi, la kuprinti na la kurekebisha.

Kwa mchoro unaotembea: bonyeza kulia juu yake, tafuta Anchor, chagua As Character. Picha inakuwa kama herufi moja kubwa ndani ya sentensi, suali likishuka nayo inashuka. Moyo wa binadamu haukuhama tena.

Umeme, bando na mashine zetu

Mpaka mwaka 2010 Pemba tulikuwa tukila umeme wa majenereta ya dizeli ya Wesha, kisha ukaja waya wa chini ya bahari kutoka Tanga. Hali si ile tena, alhamdulillahi, lakini umeme bado hukatika, au uniti za TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, zinakwisha katikati ya sentensi, na laptopu ya mtumba mara nyingi betri yake ni pambo. LibreOffice inajiwekea akiba ya kazi yako kila dakika 10 kama hukuigusa. Dakika 10 ni ukurasa mzima kwa anayeandika mbio. Ingia Tools, Options, Load/Save, General, shusha AutoRecovery iwe dakika 2. Hapo hapo chini kuna sehemu ya kuchagua ihifadhi kwa muundo upi daima. Kama watu wako wote ni wa Word, weka docx uache kuulizwa ulizwa. OnlyOffice nayo ina mpango wake wa kuokoa faili, na unakuja umewashwa.

Kwa uzito, mizani inageuka. OnlyOffice imejengwa juu ya injini ile ile inayoendesha kivinjari cha Chrome, na kwenye RAM ya GB 4 nikiwa nimefungua na Chrome yenyewe, ilikuwa ikivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima na gunia. LibreOffice inachelewa kufunguka mara ya kwanza, ikishafunguka inatulia. Wenye Windows 7 au 8, ambao bado mpo wengi, angalieni: kuanzia toleo la 25.8 la mwaka 2025 LibreOffice haiingii tena humo. Tafuta toleo la kabla yake.

Bando: LibreOffice ni kama MB 350, OnlyOffice nayo ni mamia ya MB. Unalipia siku moja, baada ya hapo huna haja ya intaneti kabisa. Ipo pia LibreOffice ya kubeba, ambayo haiwekwi kwenye mashine, inakaa kwenye flashi na kufunguka hapo hapo. Mwanafunzi anayehama hama mashine za maabara na za jamaa zake, hiyo ndiyo yake.

Google Docs haina cha kupakua, na huo ndio mtego wake. Niliwahi kupanda meli Mkoani kwenda Unguja nikiwa na waraka wa kumalizia njiani. Tukaiacha bandari, mtandao ukaondoka, nikaufungua waraka, kikaja kiduara kinazunguka. Nilizunguka nacho mpaka Malindi. Kuandika bila mtandao kunawezekana kwa Google Docs, ila lazima uwashe mapema ukiwa na mtandao, kwenye Chrome au Edge, na ni salama zaidi waraka wenyewe uuwekee alama ya kupatikana nje ya mtandao. Mie sikufanya hata moja.

Daftari la karafuu

Hapa nilitarajia tofauti kubwa, sikuipata. Daftari ni la kawaida: safu ya jina, safu ya tarehe, safu ya pishi alizochuma, na malipo. Bei ya kuchuma pishi moja niliiweka peke yake kwenye seli F1, na kwenye malipo nikaandika =C2*$F$1. Zile alama za dola zinaizuia seli ya bei isihame unapovuta fomula kuteremka chini, na siku bei ikibadilika unabadilisha pahala pamoja tu. SUMIF inakujumlishia kila mchumaji peke yake. Zote tatu zilitoa jawabu moja hadi shilingi ya mwisho. XLOOKUP, fomula ya kutafutia kitu kwenye jedwali ambayo watu wa Excel mpya wanaipenda, LibreOffice haikuwa nayo mpaka toleo la 24.8, basi ukiona inakukataa, toleo lako ni kuukuu. Mwenye makro za Excel (amri zinazofanya kazi zenyewe), ajaribu LibreOffice kwanza: inaendesha baadhi yake. OnlyOffice makro zake ni za JavaScript.

Kosa nililolikuta kwenye daftari hili ni la mkono wa binadamu. Mwenye shamba alikuwa akiandika "pishi 6" ndani ya seli, kisha anashangaa jumla ya pishi inapungua. Kompyuta ikiona herufi inahesabu ni maneno, inayaruka. Andika 6 tu, na neno pishi liache juu kwenye kichwa cha safu. Yenyewe haijui kama pishi ni vibaba vinne.

Panapotofautiana ni chini ya mkarafuu. Huko hakuna laptopu, kuna simu. Google Sheets, mwenzake Google Docs wa mahesabu, kwenye simu ndiyo nyepesi kuliko zote, unaandika hapo hapo kapu linapomiminwa. OnlyOffice ina programu yake ya simu, ya bure. LibreOffice kwa jina lake haina mhariri wa kutegemewa kwenye simu. Iliyopo ni Collabora Office, iliyojengwa juu ya msimbo wake, na kwa kugusa tarakimu mbili tatu inatosha. Kwa daftari la kila siku la shambani, ningeandika kwenye Sheets halafu jioni nishushe faili la Excel (xlsx) nyumbani.

Watu watatu, waraka mmoja

Sitarefusha. Katibu yuko Wete, mwenyekiti yuko Mwanakwerekwe, Unguja, mshika fedha safarini. Kwa LibreOffice tulitumiana "muhtasari", "muhtasari mpya", "muhtasari mpya wa mwisho" na "muhtasari wa mwisho HUU", na mabadiliko ya mshika fedha yakapotea baina ya viwili vya mwisho. Kwa Google Docs wote watatu tuliandika kwenye karatasi moja, na nilipofuta aya kwa bahati mbaya niliirudisha kupitia historia ya matoleo. OnlyOffice inaweza kuandikiwa na wengi pia, lakini mpaka uiunganishe na seva au akaunti ya mtandaoni, na kamati ya mtaa haina fundi wa seva. Nafasi ya bure ya Google ni GB 15, ila humo wanagombania Gmail, Drive na picha zako. Barua za watu zenye siri, hati za ardhi na mambo ya ndoa, mie sizipandishi huko. Hayo yanakaa kwenye mashine.

Kiswahili

LibreOffice ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, lakini usipoitafuta huipati. Wakati wa kuiweka programu usibonyeze tu mbele kwa mbele. Chagua Custom, fungua orodha ya kamusi, washa Kiswahili. Ikishakaa, chini ya dirisha bonyeza jina la lugha uchague Kiswahili cha Tanzania. Neno likipigiwa mstari mwekundu nawe una hakika nalo, bonyeza kulia uliongeze kwenye kamusi yako, na hapo watu wa visiwani tutafanya kazi kidogo.

Kazi hii ina mizizi kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili kuanzia juu hadi chini. Ilikuwa kabla ya wengi wetu kununua kompyuta.

Nilichomwekea Maalim

Yeye anapokea violezo vya Word na anavirudisha vya Word, na mashine yake ina RAM ya GB 8. Nikamwekea OnlyOffice iwe ndiyo inayofungua docx. LibreOffice sikuiondoa, maana barua zake mwenyewe na daftari la ada anaziandika humo, kwa Kiswahili chenye mistari michache myekundu. Kwangu mie, ambaye kazi zangu nyingi zinaishia kwenye karatasi, LibreOffice ndiyo nyumba na OnlyOffice ni jirani ninayembishia hodi docx ya mtu ikija imevurugika. Google Docs ni ya kamati.

Muhula uliofuata alipita akielekea stesheneri, flashi mfukoni. Nikamuuliza fonti. "Times New Roman," akasema, "na nimeitoa PDF." Kule, kijana wa kuprinti akamwomba na docx, ati amrekebishie pambizo kidogo. Maalim akaichomoa flashi yake akaitia mfukoni.